Karatasi ya Taya la Chini

Mchoro wa daktari ulikuwa mezani kwa Sajenti Eufrasia katika kituo cha polisi tangu asubuhi, umekandamizwa na kikombe cha chai ili upepo wa dirishani usiuchukue. Ulionyesha ufizi wa chini, upande wa kulia, wa marehemu Minza, mkulima wa pamba wa Dutwa na mama wa watoto wanne, aliyeng'olewa gego siku ya Jumanne na kufariki Jumatatu iliyofuata.

Gego lilikuwa limekatikia ndani. Jino la namna hiyo halitoki kwa koleo peke yake. Mganga hukata ufizi, akafunua kipande chake kama unavyofunua ukurasa, akaitoa mizizi mfupani, kisha akakirudisha kipande mahali pake na kukishona. Minza alikatwa mara tatu: mkato mmoja kufuata mstari wa meno, na miwili ya kushuka kuelekea kidevuni. Daktari wa wilaya alikuwa amepima kwa rula. Juu, penye meno, kipande kilikuwa na upana wa sentimita tatu. Chini, mahali kiliposhikana na mwili, mikato miwili ilikuwa imesogeleana hadi ikabaki sentimita moja. Kwa umbo kilifanana na faneli. Pembeni daktari alikuwa ameandika: *Kipande chote kimekufa na kuwa cheusi. Usaha umeshuka shingoni.*

Inspekta Bujiku, mkuu wa upelelezi, aliingia na jalada kwapani.

"Sajenti, bado unachungulia mdomo wa marehemu? Mzee aliyeko mahabusu amekiri."

"Amekiri, afande. Lakini hajaeleza alivyokata."

"Ana miaka sitini na saba. Macho yana ukungu, mkono unatetemeka hata akishika kijiko. Unataka akueleze nini tena?"

"Mkono unaotetemeka hukata mstari uliopinda. Hii mikato imenyooka."

Inspekta aliinamia mchoro, akautazama bila hamu, akanyanyuka.

"Leo Jumatano. Ijumaa alfajiri jalada linapanda basi la Shinyanga, kosa la kuua bila kukusudia, na mzee anapanda nalo. Ukipata kitu kabla ya hapo, niletee. Usiponiletea, ninasaini."

Alipotoka, Eufrasia alipitisha ulimi kwenye ufizi wake wa chini, upande wa kushoto. Michirizi miwili ilikuwa bado ipo, myembamba kama unywele. Ilianza imekaribiana penye meno, halafu ikaachana kadiri ilivyoshuka. Yake ilikuwa na umbo la sketi. Ya Minza ilikuwa na umbo la faneli.

Aliipata mwaka 1981, akisubiri majibu ya kidato cha nne. Baba yake alimpakia nyuma ya baiskeli kutoka Ngulyati, shavu limevimba, kichwa kimefungwa kitenge. Miaka hiyo pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja, sabuni ilipatikana kwa foleni, na matibabu hayakulipiwa. Kwenye chumba cha meno palikuwa na benchi la kijani, harufu ya karafuu, na mtu mmoja mrefu aliyevaa koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Jina lake Januarius. Kabla hajashika kisu alichukua kipande cha karatasi na kalamu nyekundu, akamchorea msichana yule mkato atakaomkata.

"Mdomo ni wako," alisema. "Lazima ujue napita wapi."

Eufrasia alikunja mchoro wa daktari, akashuka mahabusu.

Mzee Januarius alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Koti jeupe hakuwa nalo tena tangu alipopunguzwa kazini miaka mitatu nyuma, pamoja na wenzake wengi wa serikalini. Lakini kola ya shati lake ilikuwa imenyooshwa, hata pale.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu," mzee aliitikia salamu ya Kisukuma, akimwita mama. "Tunaondoka?"

"Bado. Nieleze ulivyomkata Minza."

"Kama ninavyokata siku zote."

"Shina uliliacha na upana gani?"

Mzee aliinua macho. "Nani kakufundisha neno shina?"

"Wewe. Mwaka themanini na moja. Ulisema shina liwe pana kuliko ukingo, kwa sababu damu inaingia kwa shina. Ukilibana, kipande kinakufa."

"Sogea kwenye mwanga. Fungua mdomo."

Askari wa zamu aligeuka kuangalia, akaona sajenti mzima kapiga magoti mbele ya mahabusu na mdomo wazi, akaamua kutazama pembeni. Mzee alivuta shavu kwa kidole, akasogeza uso hadi pua zikakaribia kugusana.

"Gego la chini. Mizizi miwili, mmoja umepinda kama ndoana ya samaki."

"Unanikumbuka?"

"Wewe sikukumbuki. Mzizi ndio naukumbuka. Ulinitoa jasho." Alimwachia shavu. "Imepona vizuri."

Eufrasia alikunjua mchoro wa daktari na kumpa. Mzee aliusogeza karibu na jicho lake lenye nafuu. Kisha aliugeuza juu chini. Aliutazama hivyo kwa muda mrefu, kama mtu aliyekutana na mwandiko anaoujua. Halafu akaurudisha ulivyokuwa.

"Aliyechora kakosea," alisema.

"Kachora daktari wa wilaya. Kapima."

Mzee alikunja karatasi, mara mbili, ncha kwa ncha.

"Basi ni mkono wangu. Andika hivyo. Cheti kilichoko ukutani pale kwenye zahanati ya Dutwa ni changu, na mkono ni wangu."

"Mjukuu wako Precious anafanya kazi palepale. Mume wa Minza alikaa nje kwenye benchi, anasema alisikia sauti ya huyo mjukuu ikimwambia mgonjwa apanue mdomo. Precious anajua kukata?"

"Precious hajui kitu." Lilitoka haraka mno, kabla swali halijatulia. "Yule anafagia tu. Mwacheni."

Eufrasia hakubisha. Kwenye daftari lake aliandika mambo mawili: kwamba mzee aligeuza karatasi juu chini, na kwamba hakujibu swali la mikato, alijibu la mjukuu.

Landrova ya kituo ilimfikisha Dutwa jua likiwa utosini. Zahanati ya Meno Nuru Mpya ilikuwa kwenye jengo lililokuwa duka la ushirika. Ukipita karibu ungeona bado herufi za zamani chini ya chokaa mpya. Zamani hapo paliuzwa majembe, chumvi na khanga kwa kibali. Sasa palikuwa na vyumba viwili, benchi la nje, na ubao ulioandikwa kwa rangi tatu. Mwenye zahanati, Kristofa, alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi. Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba alinunua pamba, ilipowaruhusu kufungua zahanati akafungua zahanati.

"Karibu, afande, karibu ndani. Msiba umetuumiza sisi kuliko mnavyofikiri. Nilimwambia mzee: pumzika, baba, umri umekwenda. Hakunisikia. Wazee hawa wa serikali, si unawajua? Ubishi!"

"Jumanne hiyo alikuwepo?"

"Alikuwepo. Kaja, kakata, kaondoka."

"Kwa usafiri gani?"

"Baiskeli, nadhani."

"Baiskeli, na macho yale?"

"Alipakiwa na mtu. Sikumwona vizuri huyo mtu."

Eufrasia aliandika, kisha akageukia ukuta. Palikuwa na fremu mbili zinazolingana, za kioo. Ya kwanza ilikuwa na cheti cha Januarius cha mwaka 1959, karatasi imegeuka rangi ya chai. Ya pili ilikuwa na mchoro wa wino mwekundu: mikato mitatu, imepigwa kwa mkono uliotulia wa enzi zile. Umbo lilikuwa pana juu na jembamba chini. Hapakuwa na kitu kingine, wala jino wala neno.

Alivuta mchoro wa daktari mfukoni, akauweka kando ya kioo. Mtu angesema umenakiliwa.

"Huu kauchora mzee?"

"Mwenyewe. Ndiyo ujue, afande, hapa tunafuata utaalamu. Zamani watu wa Dutwa walikuwa wanafunga mashavu kwa vitenge wiki mbili wakisubiri gari la kwenda Bariadi. Uongo?"

"Kweli," alisema Eufrasia, kwa kuwa ilikuwa kweli. Alishusha fremu, akailaza kifudifudi mezani, akaanza kufungua vijipini vya nyuma.

"Taratibu, afande, kioo hicho nimekitoa Mwanza!"

Karatasi ilikuwa ndefu kuliko fremu. Mtu alikuwa ameikunja mara mbili ili ienee, juu kidogo na chini kidogo, akabana mikunjo kwa nyuma. Eufrasia aliinyoosha. Kwenye mkunjo wa chini palikuwa na safu ya meno, yamechorwa kama visanduku, yakining'inia chini ya mikato. Kwenye mkunjo wa juu palikuwa na maneno mawili kwa herufi za kupanga: TAYA LA JUU.

Taya la juu, mizizi iko juu na damu inatoka juu, kwa hiyo shina linakuwa juu na upana unakuwa juu. Mchoro haukuwa na kosa hata moja. Ila kwa taya la chini ilitakiwa kila kitu kigeuzwe, na aliyebaki na umbo tupu, bila meno na bila maneno, asingekuwa na njia ya kujua.

"Nani aliikunja?"

"Mimi. Isingeingia."

"Mzee aliiona baada ya kukunjwa?"

"Mzee aone nini, na macho yale?" Kristofa alicheka kidogo, akakumbuka kwamba amekwisha sema mzee ndiye aliyekata, akaacha.

Eufrasia alivuta kiti, akakaa, akaweka karatasi tupu na kalamu upande wa pili wa meza.

"Basi nimemaliza. Mzee alituambia hapa hakuna anayejua lolote kuhusu ufizi isipokuwa yeye. Anasema mwenye zahanati ni mchuuzi wa pamba, hata koleo la juu na la chini hawezi kutofautisha."

"Kasema hivyo?"

"Nimeandika nilivyosikia." Jibu hilo, angalau, halikuwa uongo. Maneno ya mchuuzi hakuyasikia popote, wala hakuyaandika.

"Mchuuzi!" Kristofa alivuta kiti naye. "Mwaka mzima nafungua mlango huu. Yeye anakuja mwisho wa mwezi, anakunywa chai, anakwenda zake. Nani anahudumia watu? Pamba!"

"Mimi ni askari tu, sijui. Gego la chini likikatikia ndani, ufizi unakatwaje?"

Kristofa aliinyakua kalamu. Alichora kwanza safu ya meno, vizuri, kisha akachukua ukingo wa kisanduku cha dawa akautumia kama rula. Mkato mmoja kufuata meno. Miwili ya kushuka, inayosogeleana. Juu pana, chini pembamba. Alimaliza kwa kupiga mstari mwingine juu ya ule ule, kuukoleza.

"Hivyo. Kama ukutani."

"Andika jina lako chini yake, na tarehe."

Aliandika kwa herufi kubwa. Alipoinua kalamu aliona mchoro wa daktari umelala kando ya wake, na sentimita zimeandikwa. Alitazama mmoja, akatazama mwingine.

"Kaa hapo," alisema Eufrasia, na akamwita dereva asimame mlangoni.

Precious alikuwa chumba cha nyuma, akichemsha vyombo kwenye jiko la mchina. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, koti lake jeupe limenyooshwa kwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikasimama.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Sina maneno mengi. Nichoree mkato wa gego la chini lililokatika."

Msichana alifuta mikono, akachora akiwa amesimama. Hakutumia rula. Mikato yake iliachana kadiri ilivyoshuka.

"Kwa nini upana uko chini?"

"Kwa sababu shina liko chini. Babu alinifundisha kwa taya za mbuzi. Kila Jumapili tukila mbuzi, mimi kichwa sikili mpaka nimekishona." Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Babu yuko wapi?"

"Mahabusu. Amekiri kwamba alimkata yeye. Ijumaa anapelekwa Shinyanga."

Kikoleo kilimdondoka sufuriani.

"Babu hakuwepo! Jumanne ile alikuwa Ngulyati, kwa binamu yake. Macho yake yana ukungu, atakata nini?"

"Anadhani ulikata wewe."

Precious alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alieleza akitazama sakafu, na Eufrasia aliandika bila kumkatiza.

"Mimi nilichoma ganzi, nikashika tochi. Nilimwambia mama wa watu, panua mdomo. Bosi akakata. Nilipoona nikamwambia, bosi, umegeuza. Akasema, mchoro wa babu yako huo hapo ukutani, kabishane nao. Mgonjwa yuko pale pale anasikia, afande. Nikanyamaza. Siku ya tatu karudi, ufizi umekuwa mweusi. Nikasema apelekwe Bariadi. Bosi akampa vidonge. Alipokufa akaniambia nikifungua mdomo babu ndiye atakayefungwa, maana cheti ni chake."

"Ungesema siku ile ile."

"Ndiyo," alisema Precious.

Alfajiri ya Alhamisi Inspekta Bujiku alisoma maelezo yote mara mbili, akapanga karatasi tatu mezani: ya daktari, ya Kristofa, ya Precious. Alizigeuzageuza kama mtu anayecheza karata. Mwishowe alitia kalamu kwenye jalada, akakata jina moja na kuandika jingine.

"Mzee atoke. Lakini suala la cheti lipo pale pale. Kukodisha jina lako ili asiyesomea afungue zahanati si jambo dogo, mtu kafa."

"Nitachukua maelezo yake mapya sasa hivi."

Walimtoa mzee, wakamkalisha kwenye kiti kilichokuwa na mgongo. Eufrasia alimwambia kwa mpangilio: nani alikata, nani alishika tochi, nani alionya. Mzee alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika magoti.

"Alimwambia umegeuza?"

"Alimwambia."

"Mbele ya mgonjwa?"

"Mbele ya mgonjwa."

Mzee alifuta macho yote mawili kwa mkono mmoja, upande wa nyuma. "Na mimi nikafikiri amesahau. Nilipogeuza ile karatasi nikaona mkato wangu wa juu umewekwa chini, nikasema, huyu ni mtoto wangu, nani mwingine anaujua?"

Eufrasia alimwekea mbele karatasi kutoka kwenye fremu, mikunjo yake bado imesimama. Mzee aliipapasa, akagundua mkunjo wa juu, akagundua wa chini. Akaanza kuunyoosha kwa kidole gumba, polepole, kama ulikuwa ufizi.

"Kule hospitalini karatasi zilikuwa mbili ukutani," alisema. "Ya taya la juu huku, ya taya la chini huku. Miaka ishirini na tisa. Nilipopunguzwa kazini nilizichukua zote, hakuna aliyezitaka."

"Ya chini iko wapi?"

"Nyumbani, nyuma ya mlango. Kristofa alikuja na fremu mbili. Nilimwambia nina karatasi tatu, na cheti. Hapana, mbili na cheti. Tatu kwa jumla. Akasema fremu moja ya cheti, moja ya mchoro, inatosha, ufizi ni ufizi. Mimi nikacheka." Kidole kiliacha kunyoosha. "Nilikuwa na furaha, mayu. Nilikuwa sijaona cheti changu kikining'inia ukutani tangu waliponitoa. Nikacheka, nikamwachia moja."

Nje lori la pamba lilipita, la kampuni moja mpya, likipiga honi bila sababu.

"Ningempa na ile ya chini," alisema mzee. "Hata bila fremu. Angeipachika kwa msumari."

Eufrasia aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, pamoja na hesabu ya karatasi aliyoikosea na kujisahihisha. Alimsomea kwa sauti. Mzee aliitikia kila sentensi kwa kichwa, kisha akaomba aelekezwe mahali pa kusaini, kwa sababu mstari hakuuona. Sajenti alimshika kidole, akakiweka mwanzo wa mstari, akampa kalamu.

Sahihi ilitoka imepinda kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho.